Kura Kabla ya Hesabu: Majaribio, Takwimu na Uwezekano katika Nchi ya Chai

Takwimu za ngazi ya mwanzo zina sehemu tatu ambazo vitabu vingi huzitenganisha: kupanga jaribio, kufupisha data zilizopatikana, na kukokotoa uwezekano, yaani kipimo kati ya sifuri na moja kinachoeleza tukio fulani lina nafasi kiasi gani ya kutokea. Katika mtaala wa 8-4-4 nchini Kenya utengano huo ulipangiwa hata madarasa yake, kwa kuwa takwimu za mwanzo ziliwekwa kidato cha pili, uwezekano kidato cha tatu na takwimu za juu kidogo kidato cha nne, ilhali upangaji wa majaribio haukupewa mada yoyote katika silabasi ya hisabati. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huweza kukokotoa bila kusita uwezekano wa kutoa mipira miwili myekundu mfukoni, lakini akiulizwa ni kwa haki gani kilo za majani chai kutoka shambani zinaweza kushughulikiwa kama mipira hiyo, hukosa jibu. Swali hilo ndilo kiini cha uchambuzi huu, na jibu linalotetewa hapa ni kwamba uwezekano hauoti wenyewe shambani, bali huingizwa humo na mtafiti siku anapopiga kura kuamua kipande kipi kipewe nini. Pasipo kura hiyo, kanuni zote za kitabuni hubaki zikikokotoa kitu ambacho hakikutendeka.

Kabianga, katika Kaunti ya Kericho, ni mahali panapofaa kulichunguza suala hili. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopewa hati yake mwaka 2013, kimo katikati ya nchi ya chai: kuna mashamba makubwa ya kampuni yaliyoanzishwa tangu miaka ya 1920, kuna wakulima wadogo wanaopeleka majani mabichi katika viwanda vya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, kama vile Kapkatet na Litein, na kwa upande wa Bomet, Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek, na kuna kituo cha utafiti wa chai cha Timbilil karibu na mji wa Kericho. Kituo hicho kina nasaba ambayo wengi wanaosoma takwimu karibu nacho hawaijui. Mwaka 1919 mwanatakwimu Ronald Fisher aliajiriwa katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, ambako rekodi za mavuno za miongo mingi zilikuwa zimerundikana bila kuweza kujibu mengi ya yaliyoulizwa, kwa sababu vipande vya shamba vilivyotiwa mbolea mbalimbali havikuwa vimepangwa kwa namna ya kuruhusu athari ya mbolea itenganishwe na tofauti za udongo. Miongoni mwa waliofanya kazi naye alikuwamo Thomas Eden, na mwaka 1927 wawili hao walichapisha pamoja matokeo ya jaribio la mbolea kwa nafaka lililogawanywa kwa kura. Baadaye Eden alikwenda Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, ambako mwaka 1931 alichapisha uchunguzi kuhusu makosa ya majaribio katika mashamba ya chai, na katika miaka ya 1950 aliiongoza Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imeanzishwa Kericho mwaka 1951. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, taasisi hiyo haikudumu katika umbo lake la awali. Mwaka 1980 ikawa Wakfu wa Utafiti wa Chai wa Kenya, na baadaye ikawekwa chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo. Kwa maneno mengine, mbinu ya kugawa kwa kura, ambayo dunia nzima huihusisha na Rothamsted, iliwasili Kericho ikiwa mikononi mwa mtu aliyeijenga pamoja na mwasisi wake.

Ili kuona kwa nini mbinu hiyo ilihitajika, inafaa kuanza na swali la kawaida la mkulima: je, mbolea mpya itaongeza kilo zinazopimwa kwenye kituo cha kununulia chai? Njia inayokuja akilini kwanza ni kutia mbolea mpya upande mmoja wa shamba na ile ya zamani upande wa pili, kisha kulinganisha kilo za mwaka. Lakini mashamba ya Kabianga na Bomet yako kwenye miteremko, ambapo udongo wa juu huwa mwembamba, wa chini hupokea rutuba inayoshushwa na mvua, na bondeni kabisa baridi kali ya usiku huweza kuunguza machipukizi. Mimea iliyopogolewa mwaka jana haiwezi kulinganishwa na ile iliyo katika mwaka wa tatu tangu kupogolewa. Mchumaji hodari hutoa kilo nyingi kuliko mgeni katika mstari uleule, na majani yenye umande wa asubuhi huwa mazito kuliko yaliyochumwa adhuhuri. Ikiwa mbolea mpya imewekwa chini na ya zamani juu, basi athari ya mbolea na athari ya mteremko zimechangamana, yaani zimetembea pamoja kiasi kwamba hakuna hesabu, hata ya kompyuta kubwa kiasi gani, inayoweza kuzitenganisha baada ya mavuno kupimwa.

Tiba ya tatizo hilo ina sehemu tatu zinazotegemeana. Kwanza ni kurudia: kila mbolea hupewa vipande kadhaa, kwa kuwa kipande kimoja dhidi ya kimoja hakiwezi kuonyesha vipande viwili vinavyofanana kwa kila hali vingetofautiana kiasi gani vyenyewe kwa vyenyewe. Pili ni kugawa shamba katika kanda, ambapo ukanda ni eneo ambalo ndani yake hali zinakaribiana. Kwenye mteremko kanda hufuata kontua, kila ukanda ukiwa na vipande vya mbolea zote, ili ulinganisho ufanywe kati ya majirani walio kwenye mwinuko mmoja. Tatu ni kura: ndani ya kila ukanda, ni kipande kipi kitapewa mbolea ipi huamuliwa kwa sarafu, kwa karatasi zilizokunjwa au kwa jedwali la namba nasibu, na kamwe si kwa jicho la mtafiti, kwa kuwa jicho lina mapendeleo yake hata mwenye nalo akiwa mwaminifu.

Chai huongeza masharti ambayo mahindi hayana. Mbolea ya kipande cha juu huteremka na maji ya mvua hadi cha chini, kwa hiyo huachwa mistari ya kinga mpakani ambayo huchumwa kama kawaida lakini kilo zake hazihesabiwi katika jaribio. Wachumaji nao huingizwa katika mpango, ama kila mmoja achume vipande vyote vya ukanda mmoja ili tofauti ya mikono iwe sehemu ya tofauti ya kanda, ama wazungushwe kwa zamu. Kwa kuwa mzunguko wa kupogoa huchukua miaka mitatu au minne, jaribio la mwaka mmoja huwa limeonja kipande tu cha maisha ya mmea. Lakini mmea huohuo wa miaka mingi huleta faida ambayo Eden aliitambua mapema: kipande kinaweza kupimwa msimu mzima kabla ya mbolea yoyote kutiwa, na kilo hizo za awali zikatumika kurekebisha zile za baadaye, ili kipande kilichokuwa hodari tangu zamani kisihesabiwe kuwa kimeokolewa na mbolea. Fisher alizitumia data za chai za Ceylon alizozikusanya Eden kuifafanua mbinu hiyo ya marekebisho katika toleo la baadaye la kitabu chake cha mwaka 1925 cha mbinu za takwimu kwa watafiti, na ni haki kusema kwamba katika suala hili chai iliifundisha nadharia kama ilivyofundishwa nayo.

Uhusiano kati ya kura na uwezekano huonekana vizuri zaidi katika mfano mdogo unaoweza kukokotolewa kwa kalamu. Ichukuliwe kwamba kuna jozi nane za vipande, kila jozi ikiwa kwenye mwinuko wake, na kwamba sarafu imerushwa katika kila jozi kuamua kipande kitakachopata mbolea mpya. Msimu unapokwisha huhesabiwa ni jozi ngapi ambazo mbolea mpya imeshinda. Sasa huwekwa dhana tupu, yaani dhana kwamba mbolea hizo mbili hazitofautiani hata kidogo. Dhana hiyo ikiwa kweli, kipande kilichotoa kilo nyingi kingezitoa vilevile hata sarafu ingeangukia upande wa pili, na kwa hiyo nafasi ya mbolea mpya kuonekana mshindi katika jozi yoyote ni nusu. Nusu hiyo haikutokana na udongo, wala na mvua, wala na dhana yoyote kuhusu maumbile ya chai, ila imetokana na sarafu, na sarafu ilirushwa mbele ya mashahidi.

Kutoka hapo hesabu ni ile ya kidato cha tatu. Jozi nane huwa na matokeo 2 × 2 × 2 na kuendelea mara nane, yaani matokeo 256 yenye nafasi sawa. Ushindi wa nane kwa nane hupatikana kwa njia moja tu, hivyo uwezekano wake ni 1/256, takribani asilimia 0.4. Ushindi wa saba hupatikana kwa njia nane, kwa hiyo saba au zaidi ni 9/256, takribani asilimia 3.5, na kwa kuwa kuna njia 28 za kushinda sita, sita au zaidi ni 37/256, takribani asilimia 14.5. Ikiwa mpaka uliokubaliwa ni ule wa kimazoea wa asilimia 5, ushindi wa saba hutosha kuitilia shaka dhana tupu na wa sita hautoshi. Hata hivyo, mtafiti ambaye hakuwa amesema kabla kwamba anatafuta ongezeko tu, na ambaye angeshtushwa vilevile na upungufu, hana budi kuhesabu pande zote mbili, na hapo 9/256 hugeuka kuwa 18/256, takribani asilimia 7, na ushindi uleule wa saba ukashindwa kuvuka mpaka. Namba hazikubadilika, kilichobadilika ni swali, na ndiyo sababu swali huandikwa kabla ya mavuno.

Makosa mawili huwafuata wengi katika kutafsiri hesabu hiyo. La kwanza ni kudhani kwamba asilimia 3.5 ni uwezekano wa mbolea kutokuwa na athari, ilhali ni uwezekano wa kuona ushindi mkubwa kiasi hicho ikiwa mbolea haina athari. Mambo hayo mawili yana uelekeo tofauti, kama vile uwezekano wa mtu kuwa Mkipsigis akiwa mkazi wa Bomet ulivyo tofauti na uwezekano wa mtu kuwa mkazi wa Bomet akiwa Mkipsigis. Kosa la pili ni kuchukulia kushindwa kuvuka mpaka kama ushahidi kwamba hakuna tofauti. Ikiwa mbolea mpya ina ubora wa kweli unaoifanya ishinde katika robo tatu za jozi kwa wastani, uwezekano wa kupata ushindi wa saba au zaidi katika jozi nane ni takribani asilimia 37 tu, maana yake jaribio hilo lingekosa kuiona mbolea nzuri mara nyingi kuliko lingeiona. Kiasi hicho huitwa nguvu ya jaribio, na ni hesabu ambayo ingefaa kufanywa kabla ya mfuko wa kwanza wa mbolea kununuliwa, kwa sababu jaribio dogo mno humgharimu mkulima pesa na muda bila kumpa jibu.

Hesabu ya ushindi na kushindwa hupoteza ukubwa wa tofauti, kwani ushindi wa kilo moja huhesabiwa sawa na wa kilo hamsini. Njia bora zaidi ni kuchukua tofauti za kilo zenyewe, kukokotoa wastani wake, kisha kuuliza wastani huo ungekuwaje chini ya kila mmoja wa mirusho 256 ambayo ingeweza kutokea, na kuona ni sehemu gani ya mirusho hiyo ingetoa wastani mkubwa kama uliopatikana. Kabla ya kompyuta kazi hiyo ilichosha, na ndiyo maana vitabu hutumia mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, kama njia ya mkato. Mwaka 1933 Eden akishirikiana na Frank Yates aliipima njia hiyo ya mkato kwa vipimo halisi visivyofuata umbo la kengele, akizigawa upya namba zilezile kwa nasibu mara nyingi, na matokeo yakakubaliana vizuri na majedwali ya Fisher. Leo mwanafunzi mwenye kompyuta ndogo anaweza kuyafanya yote hayo kwa dakika chache, na pengine angeyaelewa majedwali vizuri zaidi kama angeanza na mirusho.

Katika kufupisha data kuna vipimo viwili ambavyo huchanganywa hata katika tasnifu za vyuo vikuu. Mkengeuko sanifu hueleza vipande vinatawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani wao. Kosa sanifu, linalopatikana kwa kuugawa mkengeuko huo kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo, hueleza wastani wenyewe ungeyumba kiasi gani jaribio likirudiwa. Ugumu huwa katika neno idadi. Mtafiti aliyepima mimea thelathini katika kila kimoja cha vipande kumi na sita hushawishika kuandika kwamba ana vipimo 480, na kosa lake sanifu hupungua kwa namna ya kupendeza, ilhali kura ilipigwa kwa vipande na mimea thelathini ya kipande kimoja hushiriki udongo mmoja, mbolea moja na mchumaji mmoja. Kanuni isiyodanganya ni kwamba vipimo huhesabiwa kwa kile kilichopigiwa kura.

Jaribio mashuhuri kuliko yote katika kufundisha takwimu nalo ni la chai, ingawa halikufanyika shambani. Katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu upangaji wa majaribio, Fisher alieleza habari za mwanamke aliyedai kwamba anaweza kutambua kwa kuonja kama maziwa yalitangulia au chai ilitangulia kikombeni; inajulikana kwamba aliyekusudiwa ni Muriel Bristol, mtafiti wa mwani pale Rothamsted. Nchini Kenya, ambako maziwa na majani huchemshwa sufuria moja, dai hilo lisingepata hata mtu wa kulipinga. Fisher alipendekeza vikombe vinane, vinne vya kila aina, vipangwe kwa nasibu, na mwonjaji aambiwe kwamba ni vinne kwa vinne. Kuchagua vikombe vinne kati ya vinane kuna njia 70, na ni moja tu iliyo sahihi kabisa, kwa hiyo anayebahatisha ana uwezekano wa 1/70, takribani asilimia 1.4, wa kupata vyote. Kupata vitatu sahihi kati ya vinne kuna njia 4 × 4, yaani 16, hivyo vitatu au zaidi ni 17/70, zaidi kidogo ya asilimia 24, jambo linaloonyesha kwamba kosa moja tu huondoa karibu uzito wote wa ushahidi. Jambo ambalo wasomaji wengi huliruka ni kwamba namba 70 ilitengenezwa na mpangilio: kama kila kikombe kingeamuliwa kwa sarafu yake bila sharti la vinne kwa vinne, matokeo yangekuwa 256. Hesabu hufuata kura iliyopigwa, na mtu asiyejua kura ilipigwaje hawezi kujua agawanye kwa ngapi.

Kwa waonjaji wa kweli, wanaopitia vikombe vya kiwanda kimoja baada ya kingine kabla ya mnada wa Mombasa, somo hilo lina uzito wa kifedha. Mwonjaji anayejua kikombe kilichoko mbele yake kimetoka kiwanda gani huonja pia sifa ya kiwanda hicho, na kwa hiyo jaribio lolote la kulinganisha ubora huhitaji vikombe vyenye alama za siri ambazo ufunguo wake unashikwa na mtu asiyekuwamo chumbani.

Mvua ya mawe hutoa funzo la upande wa pili, yaani la mahali ambapo hesabu za uwezekano hutumiwa bila msingi. Kericho inajulikana ulimwenguni kwa wingi wa mvua hiyo, na takwimu inayonukuliwa mara nyingi ni wastani wa siku 132 kwa mwaka. Mwanafunzi akiulizwa uwezekano wa wiki nzima kupita bila mawe, atagawa 132 kwa 365 apate takribani 0.36, atatoa katika moja apate 0.64, kisha atakizidisha kiasi hicho chenyewe kwa chenyewe mara saba, apate kama asilimia 4. Kila hatua ni sahihi kwa kanuni, na jibu ni baya. Kuzidisha huruhusiwa pale tu matukio yanapojitegemea, yaani pale ambapo kujua la leo hakubadilishi matarajio ya kesho, ilhali mvua ya mawe hufuata majira na hali ya hewa inayodumu siku kadhaa, kwa hiyo siku za mawe huja kwa makundi na wiki tupu huwa nyingi kuliko hesabu inavyodai. Zaidi ya hapo, siku 132 ni za eneo zima la mashamba mengi. Mkulima mmoja wa Kabianga hupigwa mara chache zaidi, kwa kuwa mawe huanguka kwenye ukanda mwembamba na kuuacha ule wa jirani.

Wingi huo wa mawe ndio uliowafanya wenye mashamba makubwa, mwishoni mwa miaka ya 1960, kuajiri marubani wa kampuni ya Kimarekani kurusha iodidi ya fedha katika mawingu ya Kericho na Nandi, kwa nadharia kwamba chembe nyingi ndogo za barafu zingegawana maji na kuzuia mawe makubwa kukua. Taarifa za mradi zilidai upungufu wa hasara. Lakini mradi ulikuwa wa kazi, si wa jaribio: mawingu ya kurushiwa yalichaguliwa na waliokuwa angani, na hakukuwa na kura iliyoyaacha mengine makusudi. Hivyo hasara ilibidi ilinganishwe na ya miaka iliyotangulia au na ya dhoruba ambazo ndege hazikuzifikia, na ulinganisho huo una mitego miwili. Miradi ya namna hii huanzishwa baada ya misimu mibaya, na msimu mbaya sana kwa kawaida hufuatwa na ulio karibu zaidi na wastani hata pasipo mtu kufanya lolote. Na dhoruba ambazo ndege hazikuzifikia, kwa mfano kwa kuwa zilikuja ghafla au kwa nguvu mno, huenda zilikuwa kali tangu mwanzo. Wenye mashamba hawastahili lawama, kwani aliyelipia ndege hapendi kuambiwa kwamba sarafu imeamua leo wingu liachwe lipige chai yake. Palipokubaliwa kura ipigwe, kama Colorado nchini Marekani kati ya 1972 na 1974, na katika jaribio la Uswisi lililoshirikisha Ufaransa na Italia kati ya 1977 na 1981, haikuonekana athari iliyoweza kutofautishwa na bahati. Kericho ilichangia pia nadharia ya aina nyingine, pale Russell Schnell na mwenzake walipopendekeza, mwaka 1982, kwamba vumbi la majani ya chai yaliyooza lililorushwa na shughuli za wachumaji lenyewe huanzisha barafu mawinguni. Maabara ilithibitisha kwamba takataka hizo zinaweza kugandisha maji. Kwamba ndizo chanzo cha wingi wa mawe ni hatua kubwa zaidi, na mashamba hayawezi kupigiwa kura yawe ya chai au yasiwe.

Kwa binadamu kura huwa ngumu zaidi, na thamani yake huonekana zaidi. Wakipsigis hutahiri kwa mila na majirani zao Waluo kwa mila hawatahiri, na kwa muda mrefu ilikuwa imeonekana kwamba virusi vya UKIMWI vilienea kwa viwango tofauti kati ya jamii zinazotahiri na zisizotahiri. Utafiti uliowafuatilia kwa miaka miwili wanaume 1,378 wa mashamba ya chai ya Kericho, uliochapishwa mwaka 2007, ulipata maambukizi mapya 0.79 kwa kila watu 100 kwa mwaka miongoni mwa waliotahiriwa na 2.48 miongoni mwa wasiotahiriwa. Tofauti ni kubwa, lakini hakuna aliyepigiwa kura kuzaliwa Mkipsigis. Tohara ilikuwa imeambatana na mila, mahali pa asili na mienendo, na ufuatiliaji peke yake hauwezi kuzipambanua kikamilifu. Ndiyo maana jaribio la tohara la Kisumu lilikuwa na uzito wa pekee: wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24, wote wakiwa tayari kutahiriwa, waligawanywa kwa nasibu, wengine watahiriwe mara moja na wengine baada ya miaka miwili, na Desemba 2006 likasimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa maambukizi ya miaka miwili yalikuwa asilimia 2.1 kwa kundi la kwanza na 4.2 kwa la pili. Wanaotaka kuishangaza hadhira husema hatari ilipungua kwa nusu au zaidi; wanaotaka kuituliza husema ilipungua kwa asilimia mbili; na yote mawili ni kweli, ya kwanza ikiwa uwiano na ya pili ikiwa tofauti, na msomaji wa takwimu hana budi kudai namba zote mbili.

Kati ya kura kamili na kutokuwapo kura kuna eneo la kati lisilosemwa sana. Katika utafiti wa dawa za minyoo shuleni huko Busia, ulioanza mwaka 1998 na kuchapishwa na Edward Miguel na Michael Kremer mwaka 2004, shule 75 ziliorodheshwa kwa alfabeti na kugawanywa katika makundi matatu kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Mufindi, Tanzania, watafiti wa umwagiliaji wa chai walitumia mstari mmoja wa vinyunyizio ambapo maji hupungua kadiri vipande vinavyokuwa mbali, kwa hiyo viwango vya maji havikupigiwa kura kabisa, kwani maji hayawezi kuruka kipande. Mipango hiyo inaweza kutetewa kwa hoja, lakini hoja hizo ni lazima zitolewe, ilhali aliyerusha sarafu huonyesha sarafu tu.

Tatizo la mwisho linalostahili nafasi ni la wingi wa majaribio. Mzalishaji wa miche hulinganisha kloni nyingi, yaani mimea iliyotokana na vipandikizi vya mama mmoja, na ile iliyokwisha kuaminika, kama kloni 6/8 inayosifiwa kwa ubora. Akilinganisha kloni ishirini ambazo hakuna hata moja iliyo bora, kila moja kwa mpaka wa asilimia 5, na kama ulinganisho wote ungejitegemea, uwezekano wa angalau moja kuonekana bora ni moja toa 0.95 iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe mara ishirini, yaani takribani asilimia 64. Kloni inayoongoza katika mchujo wa kwanza kwa hiyo hutarajiwa kushuka katika wa pili, na huenda ikashuka tena ikihamishwa kutoka mwinuko mmoja hadi mwingine.

Swali linaloigawanya nchi ya chai hivi leo, la mashine za kuchumia, ambalo Mei 2023 liliishia kwa mashine kadhaa kuchomwa moto Kericho, lina sehemu mbili ambazo hubishaniwa kana kwamba ni moja. Ajira na mgawanyo wa faida ni mambo ya mapatano na sheria, na hakuna kura ya mtafiti inayoyahusu. Madai kwamba mashine hushusha ubora, au kwamba hudhoofisha mmea kwa kukata zaidi ya majani mawili na chipukizi, yanaweza kujaribiwa. Kitengo cha kura kingekuwa kipande kikubwa cha kutosha mashine kupita na kugeuka, kanda zingefuata kontua, vipande vyote vingeanza baada ya kupogolewa pamoja na kufuatwa hadi kupogolewa tena, na vikombe vingeonjwa kwa alama za siri. Kwa kuwa mawe yataanguka mahali fulani katika miaka hiyo mitatu au minne, ingebidi iandikwe, kabla mashine ya kwanza haijaingia shambani, kwamba ukanda uliopigwa utaondolewa wote katika hesabu ya msimu huo, na si kile kipande kimoja ambacho matokeo yake hayakupendeza.